Akila na Prisila Walikuwa Wakimbizi Kama Sisi

Sisi tunaoandika katika kambi hii ya Nyarugusu ni mume na mke. Mmoja anashika kalamu, mwingine anasimama nyuma yake akisema, "Hapo umezidisha, punguza." Tumeombwa tuseme neno juu ya kuwalea viongozi wa kanisa, na hasa wale ambao kazi yao ni kutoka na kuwaendea watu, siyo kukaa kwenye kiti cha mbele na kungoja watu waje.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 18. Kaisari Klaudio alikuwa ametoa amri Wayahudi wote waondoke Rumi. Akila, mzalia wa Ponto, na mke wake Prisila wakaondoka, wakafika Korintho, na huko wakaishi kwa ufundi wao wa kushona mahema. Sisi watu wa hema na turubai tukifika hapo tunatega sikio. Hawa ni watu waliofukuzwa kwa amri ya serikali, wakaanza upya ugenini kwa kazi ya mikono. Baadaye tunawakuta Efeso, na katika barua kwa Warumi Paulo anawasalimu tena wakiwa Rumi. Kila walipotua, nyumba yao iligeuka kanisa.

Kule Efeso akaja msemaji mmoja hodari, Apolo, mtu wa Aleksandria, mwenye elimu na anayeyajua maandiko. Lakini alikuwa anaujua ubatizo wa Yohana tu. Akila na Prisila hawakumkatiza mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamwelewesha vizuri zaidi. Mafundi wawili wakimbizi wakamfundisha msomi, na mmoja wa wale walimu alikuwa mwanamke. Tunaomba mkumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwetu. Kule Fizi na Uvira, kabla ya vita, kiongozi wa kanisa alipatikana kwa njia ambayo kila mtu aliijua. Alikuwa kijana aliyesoma kidogo, mwenye sauti, mwenye koti. Alipelekwa shule ya Biblia, akakaa huko miaka, akarudi na cheti, akapewa kanisa na shamba la kulima mihogo. Hatuidharau njia ile, ilitupatia wachungaji wazuri, na wengine wao tumewazika hapa kambini kwa machozi. Lakini njia ile ilitegemea jambo moja: kijiji kilikaa mahali pake. Baba alihubiri pale, mtoto akaja kuhubiri palepale.

Hapa hakuna kinachokaa. Kambi ilifunguliwa 1996. Mwaka 2009 Lugufu ikafungwa, na ndugu zetu wa kule wakaletwa huku na mabati yao na kwaya zao. Mwaka 2015 wakaingia Warundi, zaidi ya laki moja katika Tanzania kwa mwaka ule mmoja, wengi kupitia Kagunga pale ziwani, na Liemba ikawa inawabeba hadi Kigoma. Wakati huohuo mpango wa kuwapeleka Wakongomani Marekani ukapanuka, na mabasi yakaanza kuondoka hapa na watu wetu. Mnayakumbuka mabasi yale. Asubuhi kilio, mchana nyumba imeshang'olewa mlango.

Kanisa moja la zoni ya jirani, hatutalitaja jina, lilikuwa na mhubiri mmoja tu. Mtu mwema kabisa. Alibatiza yeye, alifungisha ndoa yeye, alizika yeye, hata ufunguo wa sanduku la sadaka ulikaa mfukoni mwake. Siku tarehe yake ya ndege ilipobandikwa, watu walimfanyia sherehe, wakapika wali na nyama ya mbuzi, wakamvalisha kitenge. Jumapili iliyofuata walikaa kwenye mabenchi wakatazamana. Mzee mmoja akasimama akaomba, kisha akasema, "Basi tuimbe." Waliimba saa nzima wakaenda nyumbani. Baada ya miezi minne watu walikuwa wametawanyika kwenye makanisa mengine, na mabenchi yakauzwa. Hatusemi alikosea kuondoka. Nani angekataa? Alikuwa na watoto saba. Tunasema tu kwamba ukimwekea mtu mmoja huduma yote, siku akipanda ndege anapanda nayo.

Kwetu sisi swali likawa: katika mahali ambapo kila kiongozi ni msafiri, unamlea nani, na unamlea wapi?

Kuna watu walioshindana na swali linalofanana na hili, mbali sana na hapa. Mwaka 1963 Wapresbiteri wa Guatemala, Amerika ya Kati, waliona kwamba vijana wakitolewa kijijini na kupelekwa mjini kusoma theolojia, wengi hawarudi kijijini. Na wale wazee wenye familia na mashamba, ambao watu tayari wanawasikiliza, hawawezi kuacha kila kitu wakaenda kukaa bwenini. Wakageuza mambo. Badala ya mwanafunzi kwenda chuoni, mwalimu akamfuata. Mwanafunzi anasoma kitabu nyumbani wiki nzima, anaendelea na kazi yake na huduma yake, halafu wanakutana mara moja kwa wiki na mwalimu wanajadili. Njia hiyo ikaenea nchi nyingi, Afrika pia. Faida yake, kwa maoni yetu, ni kwamba inamwacha mtu palepale penye watu wake. Bei nafuu ni nyongeza.

Lakini hata kitabu hakitoshi. Tulimfahamu kijana aliyemaliza vitabu vyote, anajua kutofautisha barua za Paulo zilizoandikwa gerezani na zile nyingine, na hajawahi kuingia nyumba ya jirani aliyefiwa.

Hapo ndipo habari ya mama mmoja inapoingia. Anauza ndagala sokoni. Kusoma kwake ni kwa shida, anafuata mstari kwa kidole, na Biblia nyingi aliyo nayo ameipata kwa masikio. Kamati ilipoanza kuwatuma watu wawili wawili kila Jumamosi kwenye zoni za Warundi, yeye alipangwa na kijana mhitimu, msemaji mzuri, Kiswahili chake safi kama cha redioni. Walifika kwenye hema moja wakamkuta mama ameketi nje. Kijana akafungua Biblia akaanza. Akasema juu ya Ayubu, akasema juu ya mateso ya wenye haki, robo saa nzima, na kusema kweli lilikuwa fundisho zuri. Yule mama wa Kirundi akasema asante. Wakaomba, wakaondoka.

Walipofika penye bomba la maji, muuza ndagala akasimama. Akamwambia, "Mwanangu, umefundisha vizuri. Lakini umeona nguo ya mtoto pale kwenye kamba?" Kijana akasema ameiona. "Umemwona mtoto?" Hakumwona. "Nguo ile imekauka siku nyingi, ina vumbi. Hakuna anayeitoa. Rudi ukamuulize jina la mtoto wake."

Wakarudi. Mtoto alikuwa amekufa huko Kagunga kwa kipindupindu, akazikwa siku ileile, mama akapandishwa melini jioni. Tangu hapo hakuna mtu aliyemuuliza jina. Walikaa naye mpaka giza. Kijana hakufungua Biblia tena siku ile. Yule mama baadaye alikuja kanisani, lakini siyo sababu ya kulieleza jambo hili. Wengine walitembelewa vilevile na hawakuja, na waliendelea kutembelewa.

Tunalieleza kwa ajili ya yule kijana. Alituambia kwamba miaka yote ya masomo hakupata somo kama lile la penye bomba. Na angalieni namna alivyofundishwa: pembeni, baada ya kazi, na mtu aliyekuwa naye kazini. Ni Prisila yuleyule, ila huyu ananuka ndagala.

Kuna wazee waliokataa mama huyu kuitwa mwalimu. Walitaja maandiko yao, tukataja yetu, tukakaa vikao vitatu. Mwisho ilikubaliwa kwamba jina "mwalimu" asipewe, ila kila mtumwa mpya wa Jumamosi lazima atembee naye miezi miwili kwanza. Tulicheka tukiwa njiani kurudi nyumbani. Wamemnyima cheo wakampa kazi yote. Sisi tungempa vyote viwili.

Kutokana na hayo, namna yetu ya kulea ikapata sura. Mtu mpya anatoka na mzoefu. Kwanza anatazama tu na kubeba daftari. Halafu anaongea yeye, na mzoefu ananyamaza, hata mambo yakienda vibaya ananyamaza, mpaka wafike njiani. Baadaye yeye mwenyewe anapewa mtu mpya wa kutembea naye. Paulo alimwandikia Timotheo hivyo katika barua ya pili, sura ya 2: uliyoyasikia uwape watu waaminifu, nao wawafundishe wengine. Ukihesabu ni vizazi vinne katika mstari mmoja. Mtu ambaye hajamlea mwingine hatumwiti kiongozi, hata akihubiri mpaka vumbi likatoka sakafuni.

Daftari nalo. Makanisa mengi yanaandika waliookoka wangapi, waliobatizwa wangapi. Sisi tuliamua kuandika mengine: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hana mtu wa kumwendea kuni, nani amegombana na mumewe. Na yale ya siri hayaandikwi kabisa. Mama akisema amepigwa au ametendewa ubaya porini, anaulizwa kwanza yeye mwenyewe anataka nini, na akikubali anasindikizwa kwenye ofisi inayohusika na ulinzi wa wanawake na watoto, hasemewi kwenye maombi ya Jumapili. Tumewahi kusikia kwingine jambo la namna hiyo likitangazwa kama hoja ya maombi. Jamani! Hayo ni umbea uliofungwa macho.

Jambo la kuni liligeuka somo kubwa kuliko tulivyotegemea. Mnajua hatari ya wanawake wanaokwenda porini peke yao. Vijana wa kwaya wakaombwa waende nao, siku mbili kwa wiki, Wakongomani na Warundi, Wakristo na Waislamu, bila kuulizana. Wiki ya kwanza walikwenda kumi na mmoja. Wiki ya tatu wakabaki wanne. Hao wanne ndio tulioanza kuwatazama. Hakuna mtihani wa chuo ungetuonyesha vizuri zaidi nani ana moyo wa kuchunga.

Hapa lazima tuseme neno kali kidogo. Kuna uinjilisti wa sabuni. Mtu anakuja na kipande cha sabuni na nguo za mitumba, anagawa, anapiga picha, anahesabu mikono iliyoinuliwa. Katika kambi, ambapo mgao ukipungua kila nyumba inalia, kumpa mwenye njaa kitu ili abadilishe kanisa ni kumnunua. Watumwa wetu wamekatazwa kuahidi chochote. Hawaulizi kadi ya mgao ina watu wangapi. Hawajifanyi wanafahamiana na mtu wa ofisi. Wakienda na unga, unakwenda kwa mwenye shida, awe wa msikiti au wa kanisa lingine, na siku hiyo hakuna mahubiri. Wengine walituuliza, "Sasa mtavuna lini?" Basi, wavune wao.

Halafu kuna suala la lugha, na ndani yake suala la kabila, tusijifiche. Kanisa letu lilikuwa la Kibembe. Nyimbo za Kibembe, matangazo ya Kibembe, hata utani wa mchungaji ni wa Kibembe. Warundi walipofika 2015 tuliwapokea, wengine walilala ndani ya kanisa, tukawapikia sombe. Lakini kulala kanisani siyo kuwa wa kanisa. Nani angewaongoza kwa Kirundi? Na tusisahau vita ya kwetu imewaachia watu majeraha, kuna mzee ambaye akisikia lugha fulani mikono inatetemeka. Mzee huyo hatumhukumu.

Aliyepatikana alikuwa fundi baiskeli. Alikulia Uvira karibu na mpaka, Kirundi anakisema kama maji. Hakuwahi kuhubiri, hakuwa na koti, mikono yake grisi tupu. Lakini kibanda chake kilikuwa kimejaa Warundi kila siku, wengine hawana hata baiskeli. Walikuja kukaa. Jina lake lilipotajwa kamatini, mmoja akasema, "Huyu hata kola ya shati hana." Mwingine akajibu kwamba Yethro, alipomshauri Musa katika Kutoka 18 achague wasaidizi, alitaja watu wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia rushwa, kola hakuitaja. Fundi akapewa miezi sita ya kutembea na wazoefu, na masomo ya jioni kwa taa ya sola. Ndipo kundi la kwanza la Kirundi likaanza, kwenye uwazi nyuma ya kibanda chake, katikati ya minyororo na tairi.

Basi mwaka 2017 safari za Warundi kurudi kwao kwa hiari zikaanza. Kati ya watu tisa ambao fundi alikuwa amewalea, watano walijiandikisha. Kamati ikawaka moto. Mzee mmoja, mtu tunayemheshimu, akasema maneno ambayo wengi walikuwa nayo moyoni: "Tunafuga ng'ombe, maziwa wanakunywa wengine. Muda wetu, vitabu vyetu, taa zetu, halafu wanakwenda." Alikuwa na haki ya kuuliza. Sadaka ya kununua vile vitabu ilitoka kwenye mahindi ya mgao, vikombe vikombe.

Jibu lililotutuliza lilikuwa Antiokia. Kanisa lile lilianzishwa na wakimbizi, watu waliotawanyika baada ya Stefano kuuawa. Waliothubutu kusema na Wayunani walikuwa watu wa Kipro na Kirene, na Luka hakutuachia hata majina yao. Viongozi wake katika Matendo 13 ni mchanganyiko: Barnaba, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio Mkirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Na Roho alipowataka watu wa kutumwa, kanisa halikutoa wale waliozidi. Lilitoa Barnaba na Sauli. Sisi watu wa kambi hatuwezi kuwazuia watu wetu wasiondoke, hilo liko mikononi mwa serikali na mashirika na ndege. Lililo mikononi mwetu ni wakiondoka waondoke kama nani: kama watu waliopotea kwetu, au kama watu waliotumwa.

Tuliwawekea mikono wote watano. Mzee yule aliyeuliza habari ya ng'ombe ndiye aliyeomba, na sala yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Mmoja wa wale watano, mama mjane, alitutumia salamu kwa simu mwaka uliofuata kwamba anakusanya familia sita uani kwake, na kwamba vijana wawili ameshaanza kutembea nao. Wengine wanne hatujapata habari zao.

Mwaka 2025 mambo yakageuka tena. Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi mwezi wa kwanza, na watu waliokwisha kufanya mahojiano na kupimwa afya wakabaki na mabegi yamefungwa. Baadhi ya hao walikuwa viongozi waliokwisha kukabidhi kazi zao. Imekuwa vigumu. Mtu umemuaga, umemlilia, umemfanyia sherehe, halafu Jumapili unamkuta kwenye benchi la nyuma anatazama chini. Wawili wamerudi kwenye kazi ya Jumamosi, lakini safari hii wamekubali kutembea chini ya wale waliowalea wenyewe. Mmoja alituambia hilo ndilo lililomuuma na ndilo lililomponya. Mwingine bado hajatoka nyumbani, na muuza ndagala anakwenda kwake kila Alhamisi. Hatumwulizi wanazungumza nini.

Kundi jipya la kulelewa lina watu saba. Safari hii tuliwaomba majirani, siyo kamati, watutajie watu wanaokimbiliwa usiku mtoto akizidiwa. Majina mawili yalitushangaza, na jina moja lilimkasirisha mwenyekiti. Tumeyapokea yote. Wanaanza Jumamosi hii. Mmoja wao ana mimba ya miezi saba na ameomba apangiwe nyumba za karibu, kwa hiyo tumempa tano, zote upande huu wa bomba.